Yuniti za Chuo Kabla ya Kumaliza Sekondari: Vijana Wetu Waanzie Wapi?



Katika mikutano ya wazazi tuliyohudhuria siku za karibuni, kuanzia Maseno mpaka Chulaimbo na Kombewa, swali moja limetufuata kila mahali. Mzazi ana ndugu yake Marekani, sanasana Minnesota, maana watu wetu wengi wameenda huko. Simu inapigwa, salamu zinatolewa, halafu inasikika kwamba mtoto wa fulani amemaliza sekondari na tayari ana mwaka mzima wa chuo mkononi. Umri wake ni ule ule wa binamu yake aliye hapa kidato cha nne. Ndipo mzazi anauliza: "Na huyu wangu je? Hiyo kitu hapa kwetu hakuna?"

Somo la leo ni la kujibu swali hilo. Tumelitayarisha lisomwe katika vikundi vya akina mama, vya vijana, na katika jumuiya ndogo ndogo. Asome mtu mmoja kwa sauti, wengine wamkatize wanapotaka kuuliza. Msiharakishe. Likichukua mikutano miwili ni sawa.

Jibu fupi tulitoe mapema ili mtu asije akadanganyika. Kenya hatuna utaratibu wa kitaifa unaomruhusu mwanafunzi wa sekondari kusoma yuniti za chuo kikuu na zikahesabiwa. Pale Chuo Kikuu cha Maseno, ambapo vijana wetu wengi wanapita kwa miguu wakienda sokoni, kijana wa kidato cha tatu hataandikishwa hata yuniti moja. Hata hivyo, viko vyeti na vipande vya kosi ambavyo kijana aweza kuvipata akiwa bado amevaa sare ya shule, na vingine katika ile miezi ya kungoja, ambavyo baadaye vinahesabiwa chuoni au kazini. Ni vidogo vidogo, na vinapotea upesi. Ndiyo sababu tunavizungumzia.

WENZETU HUFANYAJE

Minnesota ilipitisha sheria yake mwaka 1985, na ilikuwa jimbo la kwanza Marekani kufanya hivyo kwa jimbo zima. Mwanafunzi wa sekondari anayefaa anaruhusiwa kusoma kosi katika chuo cha jimbo. Kosi hiyo inahesabiwa mara mbili: sekondari inaihesabu na chuo nacho kinaihesabu. Mzazi halipi karo ya kosi hiyo kwa vile jimbo ndilo linalolipa. Wadogo wa darasa la kumi huanza na kosi ya ufundi, wakifaulu wanaongezewa. Njia ya pili ni mtihani unaoitwa Advanced Placement, ulioanza katikati ya miaka ya 1950. Huko mwanafunzi anafundishwa somo la kiwango cha chuo shuleni kwake, anafanya mtihani mwezi wa Mei, na anapewa alama kutoka 1 hadi 5. Vyuo vingi vinakubali 3 kwenda juu, vingine vinataka 4 au 5.

Mtaona kwamba jambo lote hilo linasimama juu ya karo. Chuo cha Marekani ni ghali mno, basi kila yuniti iliyopatikana bure sekondari ni pesa iliyobaki nyumbani. Hapa kwetu sababu ni hiyo hiyo, na tunayo ya pili iliyo nzito zaidi: kijana wetu anakaa nyumbani muda mrefu kati ya mtihani na chuo, na katika muda huo ndipo wengi wanapotupotea. Mmoja anaingia boda boda "kwa muda tu", mwingine anapata mimba, wa tatu anakwenda Nairobi kwa mjomba na hasikiki tena. Wafanyakazi wenzetu wa maendeleo ya jamii wanajua tunachosema.

Hapa nchini shule chache za Nairobi, kwa mfano St. Mary's, zina diploma ya kimataifa ya IB kando ya KCSE, na vyuo vingine vya ng'ambo humpunguzia mwenye diploma hiyo masomo ya mwaka wa kwanza. Lakini mwenye kuuza omena Luanda hatampeleka mtoto huko, kwa hiyo tusikae hapo.

KUMBE HATA SISI TULIKUWA NAYO

Wazee waliosoma zamani watalikumbuka hili vizuri kuliko sisi. Kabla ya 8-4-4 palikuwa na kidato cha tano na cha sita. Mtihani wake wa mwisho, KACE, ulifanywa mwaka 1989. Mwenye kumaliza kidato cha sita aliingia chuo kikuu na kusoma digrii nyingi kwa miaka mitatu. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, vidato hivyo viwili vikafutwa, na watoto wa KCSE ya kwanza ya 1989 walipofika chuoni wakakuta digrii imekuwa miaka minne. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba sehemu ya kazi ya chuo ilikuwa inafanywa sekondari, na mzazi alikuwa akilipa karo ya sekondari badala ya karo ya chuo. Kijana aliyesoma kidato cha sita katika Maseno School, shule iliyoanza mwaka 1906, alikuwa ameshabeba mzigo wa karibu mwaka mmoja wa chuo bila kuuita jina lolote.

Majirani zetu wa Uganda hawakufuta. Ndiyo maana kila mwaka kuna vijana wa huku wanaovuka Busia kwenda kusoma S5 na S6, kisha wanaingia digrii ya miaka mitatu. Wapo waliofaulu sana kwa njia hiyo. Ila mwenye kutaka kurudi kusoma au kufanya kazi Kenya aulize mapema cheti chake kitalinganishwaje hapa, asingoje mpaka amemaliza.

Sasa gurudumu linazunguka tena. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu Januari 2026, na mpango wa mfumo huo mpya ni miaka mitatu ya sekondari ya juu kisha miaka mitatu ya chuo. Yaani mwaka ule uliohamishiwa chuoni unarudishwa chini. Mtoto wa Gredi ya 10 anachagua mkondo: sayansi na ufundi, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Tunawaomba wazazi wasilichukulie jambo hili kama jina jipya la mambo ya zamani. Mtoto akichagua mkondo vibaya akiwa na miaka kumi na tano, atalipia chuoni. Lile darasa la mwisho la 8-4-4, lililofanya KCPE mwaka 2023, ndilo litakalofanya KCSE mwaka 2027. Kwa hiyo shule zetu sasa zina watoto wa mifumo miwili chini ya paa moja, na walimu wenyewe wana kazi.

Palikuwa na njia nyingine zamani ambayo tungependa vijana waisikie. Walimu wengi wa shule za msingi wa enzi hizo hawakusoma kidato cha tano wala cha sita. Walijisomea usiku kwa taa ya mafuta, wakiletewa masomo kwa posta, wakafanya mitihani kama watahiniwa wa kibinafsi, kisha wakaingia chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kitengo chake cha masomo kwa posta huko Kikuyu tangu 1967. Hata Barack Obama mzee, baba yake rais wa zamani wa Marekani, aliyesoma Maseno akaondoka bila kumaliza, alijaza pengo lake kwa masomo ya posta akiwa karani Nairobi, na mwaka 1959 akapokelewa Chuo Kikuu cha Hawaii. Hakuna aliyewaandalia watu hawa mpango wowote wa yuniti. Walikuwa na kitabu, stempu na mtihani uliotambulika. Kwa hiyo cheti chochote tunachokitaja hapa chini tumekipima kwa swali moja: je, aliyekitoa anajulikana na wale watakaokisoma?

AKIWA BADO SHULENI

Hapa ndipo tutakaa kidogo.

Cheti kilicho karibu zaidi na mtoto wetu ni kile cha majaribio ya ufundi yanayoendeshwa na NITA, yaani Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda. Watu wa jua kali wanakiita "gredi" tu. Kuna Gredi ya III, ya II na ya I, na III ndiyo ya kuanzia. Zipo fani nyingi: ushonaji, uashi, useremala, uchomeleaji, umeme wa nyumba, makanika, ususi na nyinginezo. Mtihani una sehemu ya maandishi na sehemu ya mikono, na haudai cheti cha KCSE. Hufanywa Aprili, Agosti na Desemba. Hebu tazameni miezi hiyo. Ni likizo za shule! Na kituo cha NITA kipo Kisumu, si lazima mtu afunge safari ya Nairobi.

Tumfikirie msichana wa kidato cha tatu ambaye shangazi yake ana cherehani mbili sokoni Luanda. Kila likizo anakaa pale, anakata vitambaa, anashona sare za shule. Kazi hiyo tayari anaifanya. Kwa kawaida likizo ikiisha, anarudi shuleni na hakuna kinachobaki isipokuwa mia mbili tatu alizopewa. Lakini kama shangazi angemfundisha kwa kufuata orodha ya mambo yanayotahiniwa katika Gredi ya III, akaandikishwa kwa mtihani wa Desemba, msichana huyo angeingia kidato cha nne akiwa na cheti kimoja cha serikali. KCSE ikienda vizuri, cheti kinamsaidia kupata kibarua cha kulipia chuo. KCSE ikienda vibaya, haanzi sifuri. Tukumbuke kwamba hata mwenye E anaruhusiwa kuingia kosi ya ufundi stadi katika chuo cha ufundi. Basi aingie akiwa na kitu mkononi. Masharti ya kuandikishwa na ada huulizwa kituoni kwenyewe, na aende mzazi pamoja na mtoto, si kumtuma jirani.

Tunajua kuna atakayesema, "Lakini likizo si ya kupumzika?" Ni kweli, na tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza shule kuwaweka watoto kwenye masomo ya ziada wakati wa likizo. Tunalolisema hapa ni mtoto kuurasimisha ujuzi ambao anaupata nyumbani. Na aachiwe muda wa kulala na kucheza. Vile vile, mzazi asimtupe mtoto wa miaka kumi na minne kwenye karakana ya kuchomea vyuma bila miwani. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mtoto wa miaka 13 mpaka 16 kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumharibia masomo.

Kuna cheti cha kompyuta kinachoitwa ICDL. Kinafanywa kwa vipande, moduli moja moja, kwa hiyo shule yenye chumba cha kompyuta na mwalimu mwenye moyo inaweza kuwaandaa wanafunzi polepole. Waajiri wanakijua. Tungependa shule zenye kompyuta zilizofunikwa kwa vitambaa mwaka mzima zilifikirie hili.

Wanaosoma Kifaransa au Kijerumani wasiishie KCSE peke yake. Mtihani wa DELF wa serikali ya Ufaransa una ngazi zake, A1, A2, B1 na B2, na cheti chake hakina mwisho wa matumizi. Mwanafunzi wa sekondari anaruhusiwa kuufanya. Wajerumani nao wana mitihani ya Goethe-Institut. Kijana anayetaka kwenda Ujerumani kusomea uuguzi au ufundi ataulizwa ngazi ya lugha kabla ya kuulizwa jambo lingine lolote, na aliyeanza akiwa sekondari ameokoa miezi mingi na pesa nyingi.

Na wale vijana wetu wa kwaya! Wanapiga kinanda kila Jumapili, wengine kwa kusikiliza tu bila kusoma noti. Mitihani ya muziki ya ABRSM ya Uingereza hufanywa hapa Kenya. Ina gredi kuanzia 1 hadi 8, na zile za juu, 6 mpaka 8, hupewa pointi na vyuo vikuu vya Uingereza wakati wa kuomba nafasi. Si kila mtu atafika huko. Lakini mpiga kinanda wa parokia mwenye gredi ya 5 ya nadharia ya muziki anakwenda chuoni kusomea muziki akiwa mbele ya wenzake, na kwaya inafaidika pia.

Tuongeze jambo moja lisilo na cheti cha maana. Tangu 2011 imekuwapo kambi ya hisabati ya Maseno, iliyoanzishwa na African Maths Initiative pamoja na wahadhiri wa chuo kikuu hapa. Wanafunzi wa sekondari hukaa karibu wiki moja wakicheza na mafumbo, kompyuta, takwimu na namba za siri. Hakuna yuniti inayohesabiwa. Hata hivyo mtoto aliyewahi kukaa na mhadhiri meza moja hamwogopi tena, na woga huo tumeuona ukiwafukuza vijana chuoni mwaka wa kwanza kuliko hata karo.

MIEZI YA KUNGOJA

KCSE inaisha Novemba. Matokeo yanatoka mwisho wa mwaka au Januari. Chuo kikuu kinafunguliwa Agosti au Septemba. Hesabuni kwa vidole: ni miezi tisa au kumi. Katika miaka ya 1990 kungoja kulikuwa kubaya zaidi, wengine walikaa mpaka miaka miwili. Leo ni pungufu, lakini miezi tisa kwa kijana wa miaka kumi na minane si mchezo.

Vyuo vya ufundi hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba. Hapa Kisumu kuna Kisumu National Polytechnic, kuna RIAT iliyojengwa kwa harambee, na kila kaunti ndogo ina vituo vya mafunzo ya ufundi ambavyo kaunti inavisimamia baada ya Katiba ya 2010. Hivi vituo ndivyo vile tulivyoviita zamani vijiji politekniki, na inafaa tukumbuke vilitokana na makanisa: ripoti ya Baraza la Makanisa ya mwaka 1966 iliyouliza vijana wafanye nini baada ya shule. Swali la leo bado ni lile lile.

Jipya ni hili. Mwaka 2025 vyuo vya ufundi vilianza kufuata mtaala wa moduli. Kosi imekatwakatwa vipande, na kila kipande mwanafunzi anapimwa kama anaweza kazi hiyo au bado. Akiweza, kinaandikwa kwamba anakiweza. Mwenye kusoma moduli moja au mbili akisubiri chuo kikuu hajapoteza, na mwenye kukosa karo akaacha katikati hatolewi mikono mitupu kama zamani. Diploma inataka C- na kuendelea. Walio chini ya hapo wanaanza ngazi za chini na kupanda.

Kwa aliyepata C+ na anapenda hesabu za pesa, kuna KASNEB, baraza la mitihani ya uhasibu lililoanzishwa mwaka 1969. Anaweza kuanza CPA mara matokeo yanapotoka, afanye sehemu ya kwanza, kisha aende chuo kikuu akiendelea. Karatasi alizofaulu ni zake. Baadhi ya vyuo vikuu huwasamehe wenye CPA yuniti fulani za digrii ya biashara, na KASNEB nayo huwasamehe wenye digrii baadhi ya karatasi. Kwa hiyo mlango unafunguka pande zote mbili. Lakini msamaha huo kila chuo kina wake. Kijana asitegemee maneno ya mtu wa mapokezi. Aandike barua, ajibiwe kwa barua.

Hali kadhalika mwenye diploma mara nyingi hupokelewa mwaka wa pili wa digrii inayofanana nayo. Hii ndiyo njia ambayo vijana wengi wa Maseno wameshaipita, na kwa maoni yetu ndiyo njia ya uhakika kuliko zote kwa mtoto wa C na C-, ingawa majirani wanaicheka. Wazazi wengi wanalazimisha mtoto arudie kidato cha nne mara mbili kwa ajili ya C+. Miaka miwili hiyo angekuwa anakaribia kumaliza diploma!

Kuna pia kutambuliwa kwa ujuzi ambao mtu ameupata kazini bila kukaa darasani. Sheria ya mwaka 2014 ilianzisha mpangilio wa kitaifa wa sifa za elimu wenye ngazi 10, uzamivu ukiwa juu kabisa, na chini ya mpangilio huo fundi aliyejifunza kwa mikono anaweza kupimwa na kupewa cheti cha ngazi yake. Kwa kijana wa miaka kumi na tisa jambo hili ni la baadaye, ila aanze kuweka ushahidi leo. Na hapo ndipo tunafika mahali ambapo mambo mengi yanaharibikia.

MAKARATASI

Katika kazi yetu tumekuwa na vijana walioshindwa mtihani, na tumekuwa na vijana walioshindwa na bahasha. Hawa wa pili wanatuuma zaidi.

La kwanza ni majina. Kwa desturi yetu mtoto anaweza kuitwa Achieng nyumbani, akaandikwa jina la babu katika cheti cha kuzaliwa, akapewa jina la ubatizo kanisani, na mwalimu wa darasa la nane akaandika matatu kati ya hayo kwa mpangilio wake mwenyewe. Halafu kitambulisho kikaja na tahajia nyingine. Kila cheti kinapotoka na jina tofauti, chuo kinauliza: hawa ni watu wangapi? Mzazi wa mtoto wa kidato cha tatu au cha nne, au wa Gredi ya 10, achukue cheti cha kuzaliwa usiku wa leo alinganishe na jina lililo shuleni. Kurekebisha kabla ya usajili wa mtihani ni safari ya siku moja au mbili. Baada ya cheti kuchapishwa ni safari za mwaka mzima, na wakili juu yake.

La pili, kila cheti kiwe na kaka yake. Toeni nakala mbili, moja ikae kwa shangazi au kwa mtu mwingine wa ukoo anayeaminika, nyumba nyingine kabisa. Mchwa na paa linalovuja havichagui. Mwenye simu apige picha pia.

La tatu ndilo watu hawalijui kabisa. Chuo kinapofikiria kuhesabu kosi ambayo kijana aliisoma mahali pengine, cheti peke yake hakitoshi. Wanataka orodha ya alama kwa kila yuniti, na maelezo ya yuniti hiyo: ilifundishwa nini, kwa saa ngapi, ilitahiniwa vipi. Karatasi ya maelezo hayo hutolewa siku ya kwanza ya kosi na mwanafunzi anafungia chapati. Itunzwe! Ukienda kuitafuta baada ya miaka mitatu, mwalimu amehama na mtaala umebadilika. Kwa anayesomea ufundi, aweke pia picha za kazi alizofanya, tarehe, na sahihi ya aliyemsimamia. Daftari la shilingi hamsini linatosha.

La nne, cheti cha KCSE kinachozuiliwa shuleni kwa sababu ya deni la karo. Serikali imeagiza zaidi ya mara moja kwamba vyeti visizuiliwe, na bado tunawakuta wazazi wanaoogopa hata kufika langoni. Nendeni wawili watatu, kwa heshima, mkiwa na barua ya kuomba cheti na ahadi ya jinsi deni litakavyolipwa. Mkikataliwa, ombeni mkataliwe kwa maandishi, kisha mpeleke karatasi hiyo ofisi ya elimu ya kaunti ndogo. Msiende kupiga kelele.

WANAOUZA MANENO

Palipo na hamu ya vyeti, wajanja hawakosi. Kuna vyumba vimekodishwa juu ya maduka, vimeandikwa "College" kwa rangi nzuri, na mwenye navyo anaahidi diploma kwa miezi mitatu au "yuniti za chuo cha Marekani" kwa malipo ya haraka. Chuo cha ufundi lazima kiwe kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2013. Chuo kikuu lazima kitambuliwe na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Ombeni kuona cheti cha usajili, someni kosi zilizoidhinishwa ni zipi, kwa maana chuo chaweza kuwa halali na kosi yenyewe isiwe halali. Halafu muulize swali la pili: mtihani wa mwisho unatungwa na nani? Wakijibu "sisi wenyewe", kaeni na pesa zenu kwanza mpaka mmeuliza kwingine.

Neno kuhusu mabinti. Tukisema "likizo itumike", tunajua likizo ya msichana wa kwetu inakwenda wapi: maji, kuni, wadogo zake, jiko. Kaka yake anaambiwa aende akajifunze umeme. Kikundi kikipanga jambo hili bila kugawa upya kazi za nyumbani, watakaonufaika ni wavulana peke yao, na tutakuwa tumeongeza tofauti badala ya kuipunguza. Akina baba walioko kwenye kikundi walizungumze hili wenyewe, wasiwaachie akina mama.

KAZI YA KIKUNDI

Mkimaliza kusoma, jadilianeni: katika kijiji chetu, ni vijana wangapi waliofanya KCSE mwaka jana, na kila mmoja yuko wapi wiki hii? Ni ufundi gani unaofanywa na watu wa kikundi hiki ambao mtoto angeweza kujifunza kwao na kutahiniwa? Nani kati yetu amewahi kuomba chuo kimhesabie masomo ya nyuma, na aliulizwa karatasi gani?

Halafu chagueni watu wawili wafike kituo cha NITA Kisumu kuuliza tarehe ya mwisho ya kujiandikisha kwa mtihani unaofuata, ada ya kila fani, na orodha ya mambo yanayotahiniwa. Nauli ichangwe na kikundi. Walete majibu kwa maandishi, yabandikwe kanisani na kwa chifu ili na wasio wa kikundi wayaone. Katika orodha ya watakaoandikishwa, waanze watoto wa kidato cha tatu na wa Gredi ya 10, kwa vile wa kidato cha nne likizo walizobakiwa nazo ni chache, na wao tuwaulize kwanza kama majina yao ya mtihani yamelingana na cheti cha kuzaliwa.